Springi Iliyoliwa na Mbwa

Wiki tatu zilizopita nilipiga magoti kwenye kokoto nyuma ya hospitali, nimejifunga kitenge cha msiba, nikavuta kamba ya pamba kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele la pikapu iliyobeba jeneza. Waombolezaji walikuwa wameshapanda magari. Dereva wa basi dogo la kukodi akatoa kichwa dirishani akasema, "Mama, Ngulyati si hapo tu! Watu wanasubiri kaburini." Nilijilaza chini, kitenge na vumbi lake, nikashika vile vyuma vinavyopeleka amri ya usukani kwenye magurudumu, nikavitingisha kimoja kimoja nione kama kuna kinachocheza. Minza, binti wa marehemu, ndiye aliyewatuliza. "Mwacheni dada Kabula," alisema. "Baba asingepanda gari ambalo huyu hajalipimia kamba." Aliyelala kwenye jeneza alikuwa Fundi Gamaya, na ile kamba ilikuwa yake kabla haijawa yangu. Gereji yangu hapa Bariadi ina mashine yenye taa nyekundu inayopima magurudumu na kutoa majibu kwenye kioo. Ninaipenda mashine ile, vijana wangu wanaipenda zaidi. Lakini kwa safari ya fundi niliona aibu kumpima mtu kwa kifaa ambacho hakukijua, kwa hiyo asubuhi ile nilifungua kabati nikaitoa kamba.

Nilifika kwake nikiwa na miaka ishirini na mbili, cheti cha chuo cha ufundi kimekunjwa ndani ya daftari, na kiburi kisichokunjika. Enzi hizo sisi bado tulikuwa mkoa wa Shinyanga, na gereji ya Gamaya ilikuwa uwanja nyuma ya soko, umezungushiwa mabati yaliyotoboka, na katikati shimo la kuingilia chini ya magari. Mafundi walikuwa wawili: Gamaya, bwana wa usukani na springi, na Dotto, fundi injini, mtu wa maneno mengi ambaye hakuweza kufungua nati bila kuisimulia hadithi. Gamaya alisoma cheti changu mbele na nyuma, akakirudisha kwa mikono miwili kama kitu cha kanisani. Kisha akasema maneno ambayo ningeweza kuyaandika kwenye ukuta wa nyumba yangu. "Springi nitakupa leo, shokapu nitakupa leo. Usukani sikupi. Fundi injini akidanganya, gari linazimika, watu wanashuka wanatukana. Fundi usukani akidanganya, watu wanazikwa. Tukae mwaka mmoja. Mwisho wa mwaka nitakupa kamba, au nitakupa nauli ya kurudi kwenu." Nilicheka moyoni. Kamba! Chuoni tulikuwa na kipimo cha chuma kilichochongwa, na huyu mzee aliyevaa kandambili anazungumzia kamba. Lakini sikuwa na pengine pa kwenda, na kurudi nyumbani na nauli ya mtu mkononi ilikuwa fedheha ambayo sikutaka hata kuiota.

Nilipewa chumba cha uani kwenye nyumba yao, chumba kilichokuwa ghala la pamba kabla yangu, na nyuzi nyeupe zilikuwa bado zimenasa kwenye kuta za udongo. Mke wake sote tulimwita Mayu, yaani mama, hata Dotto aliyekuwa karibu rika lake. Mayu ndiye aliyeisokota ile kamba, kwa pamba ya shamba lao, akaivuta na kuipaka nta mpaka ikawa haina fundo hata moja. Asubuhi nilimsalimia "Mwangaluka, Mayu," naye alijibu akiwa tayari ananipa kazi. Chai ilikuwa na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa mpaka vikawa na utamu wa kutafuna polepole. Mchana ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa karanga, na mimi mpaka leo nikiisikia harufu ya karanga zilizosagwa naona mikono ya yule mama. Aliponiona nimerudi na uso mweusi kwa grisi alisema, "Mume wangu alioa mke mmoja, sasa naona nyumbani kuna mafundi wawili na hakuna mwanamke wa kuteka maji." Kisha alinitekea mwenyewe. Minza alikuwa bado mgongoni mwake, ananichungulia begani. Nilipendwa katika nyumba ile kabla sijastahili, na jambo hilo linaniuma na kunifurahisha kwa pamoja.

Sasa nieleze kuhusu ngozi, maana ndiyo kesi yenyewe. Magari mengi ya wakati ule yalikaa juu ya springi za mabapa, yale mabapa ya chuma yaliyolaliana, refu juu na fupi chini. Msimu wa pamba watu walijaza marobota mpaka gari likabonyea, na barabara zilikuwa mashimo matupu, kwa hiyo bapa la juu lilipasuka mara kwa mara. Vipuri vilitoka Mwanza, na Mwanza ilikuwa mbali. Wasukuma ni watu wa ng'ombe, nao mafundi wao walitafuta dawa zizini. Gamaya alichukua ngozi mbichi ya shingo ya dume, akailoweka usiku kucha, akaikata mikanda mirefu, akaweka kipande cha chuma juu ya palipopasuka kama mganga anayeunga mfupa, halafu akazungusha ngozi kwa nguvu, mguu mmoja umekanyaga springi. Ngozi ikikauka inajikaza yenyewe. Baada ya siku mbili za jua ukiigonga kwa spana inalia kama mti. Ndipo inapopakwa oili chafu, siku tatu mfululizo, mpaka inakuwa nyeusi. Gari lililofungwa hivyo lilifika Kasoli na kurudi na mzigo, likisubiri bapa jipya.

Mwezi wa nane pikapu ya Gamaya mwenyewe, ya bluu, ilipasuka bapa la mbele kushoto, naye akaniachia nilifunge. Nilifunga vizuri, sijisifu. Mikanda ilipangika, hakuna uliopanda juu ya mwenzake, na ilipokauka ilikuwa nyeupe, safi, unaweza kuila, na laiti nisingesema hivyo. Ikabaki oili. Chuoni mwalimu wetu alitukaririsha kwamba oili inaozesha bushi za mpira na uchafu unaficha nyufa, na kwa kweli mwalimu hakukosea. Nilitazama kazi yangu nikaona ni dhambi kuichafua. Nilisema moyoni kwamba oili ni tabia tu ya mzee aliyezoea uchafu. Siku tatu zilipopita Gamaya aliuliza akiwa amenipa mgongo, ananawa, "Umepaka?" Nami nikasema, "Nimepaka, fundi." Ningeweza kumwuliza oili ni ya nini. Swali moja tu. Lakini mwenye cheti huwa anaona swali kama deni.

Jumamosi iliyofuata Mayu alikwenda Mwamapalala kwa kaka yake, Mjomba Luhende, kulikokuwa na sherehe ya kumtoa binti. Dotto aliendesha, Mayu akakaa mbele, Minza akaachwa kwa jirani, na mimi nikapanda nyuma juu ya magunia ya michembe, viazi vilivyokatwa vikaanikwa vibichi. Tulifika kabla ya saa sita. Tulipokewa kwa heshima zote, tukala wali na nyama na maziwa mgando, wanawake wakaimba, na Dotto akasimulia jinsi alivyofufua trekta kwa waya wa baiskeli. Mbwa wanne wa Luhende walilala chini ya pikapu mchana kutwa. Nakumbuka Mayu alisema, "Tazameni wanavyojua kivuli." Tuliwaona wanatikisa vichwa, tukadhani wanafukuza nzi.

Saa kumi tukaondoka. Dotto alipowasha gari, mbwa mmoja mwekundu alikimbilia zizini na kitu kirefu kinaning'inia mdomoni, watoto wakacheka, nasi tukacheka. Hatukufika mbali. Kwenye tuta la kwanza la maana nilisikia mlio chini yangu, kama mlango wa bati unaobamizwa, na pikapu ikavuta kushoto. Bapa lilikuwa limeachana, ekseli imerudi nyuma upande mmoja, na Dotto alikuwa ananing'inia kwenye usukani anaukata kulia kwa nguvu zake zote bila faida. Tuliingia mtaroni taratibu, kwa aibu zaidi kuliko kwa kishindo. Mimi nilitua juu ya michembe. Mayu aliweka mkono mbele kujizuia, na mkono ukavunjika. Hakulia. Alitazama kiganja chake kilivyogeuka akasema tu, "Haya."

Bariadi yote ilicheka. Dotto alihakikisha hilo. "Nimeona gari limekunywa mafuta," alisimulia sokoni, "nimeona gari limekula mtu, lakini gari kuliwa na mbwa sijaona!" Watu walikuja gerejini kwa makusudi ya kuiona springi. Hata Gamaya alicheka, kile kicheko chake cha puani. Aliikagua peke yake, akaokota kipande cha ngozi kilichobaki chini ya chuma, akakitia kwenye kisanduku cha vifaa, asiniulize lolote. Na mimi nikawaachia mbwa lawama. Mkono wa Mayu ulifungwa plasta mpaka kiwiko, kwa hiyo jioni nilikuwa mimi wa kusaga karanga na kusonga ugali, naye amekaa kwenye kigoda ananielekeza kwa mkono mmoja. "Bonyeza, usiupapase! Huo ni ugali, si mtoto." Alinitania hivyo wiki tano. Kila utani wake uliniingia kama mwiba, kwa sababu alikuwa ananifariji mimi niliyemvunja mkono. Asubuhi moja nikiwa uani napepeta mtama niliwasikia wanazungumza ndani. Mayu alisema, "Mwaka unaisha. Mpe kamba mtoto wa watu, mikono yake ni mizuri." Gamaya akasema, "Mikono nimeiona." Basi. Nilipepeta mpaka mtama ukamwagika chini.

Siku hiyohiyo mchana akaja Mjomba Luhende kwa baiskeli, na mbuzi dume amemfunga kwenye keria ya nyuma. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kuona haya. Alisalimia "Mwadila" kwa wote mmoja mmoja, akakataa kiti, akasimama mbele ya dada yake. "Dada," alisema, "umekuja kwangu mzima ukaondoka umevunjika. Mbwa wangu wamenivunjia heshima kwa shemeji. Nimeleta mbuzi huyu. Na wale mbwa nimeshawafunga. Kesho asubuhi vijana watawamaliza kwa mikuki, wote wanne. Siku za mwizi ni arobaini." Mayu akasema jamani, mbwa ni mbwa tu, na yule mwekundu si ndiye anayerudisha ng'ombe peke yake? Luhende akatikisa kichwa. Alimpenda yule mbwa, ilionekana. Sauti ilimkatika aliposema, "Huyo ndiye nitakayeanza naye."

Mimi nilikuwa na mwiko mkononi. Ugali ulikuwa unachemka, unanirukia vidoleni, wala sikusikia moto. Niliwaza kwamba nikinyamaza, mwezi ujao nitapewa kamba. Niliwaza pia kwamba nitaishika ile kamba maisha yangu yote nikiona mbwa wanne. Nikasema, "Mjomba, usiwaue." Wakanigeukia. "Mbwa hawana kosa. Fundi alinifundisha kupaka oili chafu na mimi sikupaka. Aliniuliza nikamwambia nimepaka. Ngozi yenye oili mbwa haigusi; yangu ilikuwa safi kama nyama. Mkono wa Mayu nimeuvunja mimi." Maneno yalitoka hivyo, mafupi, na yalipokwisha nilianza kulia kwa sauti mbaya kabisa, kama ndama.

Gamaya aliinuka akaenda gerejini. Nilijua anakwenda kuleta nauli. Alirudi na kisanduku chake, akatoa kile kipande cha ngozi, akakiweka kwenye kiganja cha Luhende. Kilikuwa kikavu, cheupe, hakina hata tone la oili. "Ninacho tangu siku ile," alisema. Nikamwuliza, kwa sauti isiyo yangu, kwa nini hakunikaripia. "Ningekukaripia ungejifunza kuogopa macho yangu," akasema. "Barabarani macho yangu hayapo." Kisha wote tukamtazama Mayu. Alinitazama muda mrefu, tena hakuwa anatabasamu. Nilimwona anahesabu wiki zile tano, na mimi nikazihesabu pamoja naye. Halafu akavuta pumzi. "Songa ugali, Kabula," alisema. "Mgeni hajala." Hakunitania tena mpaka plasta ilipotoka, na hiyo ndiyo adhabu niliyopata, na niliihisi kila siku. Luhende alikula, akaondoka na mbuzi wake. Nasikia yule mbwa mwekundu aliishi mpaka akang'oka meno.

Mwaka ulipotimia, bapa jipya lilikuwa limefika kutoka Mwanza. Gamaya alijitia hana kazi. Alikaa juu ya dumu lililogeuzwa, mikono nyuma, kama mtu anayeogopa vidole vyake vitamsaliti. "Mbele yote ni yako," alisema. "Na usukani." Nilifunga bapa, nikabadilisha bushi, nikafungua tairodi mbili, vile vyuma vya usukani, zilizokuwa zimelegea nikaweka nyingine, nikakaza nati na kupenyeza pini ya kuzizuia zisifunguke. Kisha akanipa kamba. Niliivuta kutoka tairi la nyuma kwenda la mbele, kila upande, usukani umenyooka, nikapima kama alivyopima yeye, kwa njiti za kiberiti: pua za magurudumu ya mbele zikaribiane kuliko visogo vyake kwa unene wa njiti mbili, si zaidi. Nilipima mara nne. Mara ya tano Dotto akapiga kelele, "Binti, hilo ni gari, si sare ya harusi!" Nilifurahi kusikia kelele zake.

Gamaya akaingia upande wa dereva. Mimi nikataka kukaa mbele, akanizuia. "Wewe nyuma." Kisha akaita, "Mama Minza!" Mayu akatoka, mkono wake wa kushoto bado mwembamba kuliko wa kulia, matobolwa yamejaa kwenye pindo la kitenge. Akaelewa kabla yangu. Akapanda, akafunga mlango. Njia ya Ngulyati ina sehemu moja iliyonyooka, mashamba ya pamba huku na huku, na hapo ndipo Gamaya alipowajaribia wateja wake. Niliwaona kupitia kioo cha nyuma. Alikaza mwendo, kisha akanyanyua mikono yote miwili kutoka kwenye usukani, akaiweka magotini, akaanza kuhesabu kwa Kisukuma. Mayu hakushika mlango. Hakushika dashibodi. Alichukua kipande cha kiazi akatia mdomoni, akatafuna anatazama mbele, na pikapu ikaenda wima mpaka mzee akafika "ikumi". Ndipo akashika usukani. Niliinamisha uso kwenye bati la pikapu nikalia tena, safari hii bila sauti. Watu wananiuliza nilihitimu lini, mimi huwa nawatajia mwaka wa chuo kwa sababu ni jibu fupi.

Basi wiki tatu zilizopita nilikunja kamba nyuma ya hospitali, nikafuta magoti, nikapanda kuendesha mwenyewe. Dotto, mwenye mvi sasa, alikaa nyuma na jeneza, na Mayu mbele nami. Amekuwa mdogo, miguu yake haifiki vizuri sakafuni. Lami imefika huko siku hizi, na pamba ilikuwa imeanza kupasuka mashambani. Tulipoingia kwenye ile sehemu iliyonyooka alinigusa mkono kwa mkono wake wa kushoto, uliopona ukabaki umepinda kidogo kwenye kifundo.

"Achia," alisema.

"Mayu, leo?"

"Achia. Anasikiliza."

Nikatazama kama njia ni tupu. Nikanyanyua mikono, nikaiweka magotini. Mayu akaanza kuhesabu, polepole, kwa sauti ya mtu anayemsindikiza mgeni mpaka barabarani, na nyuma yetu Dotto akapokea, kisha nami nikapokea. Gari halikuvuta kushoto wala kulia. Tulipofika kumi Mayu hakuniambia nishike. Aliendelea kuhesabu.